Mdogo Ampe Mkubwa Kijiti

Mwezi uliopita nilirudisha vifaa vya michezo kwenye stoo ya shule: kamba mbili za katani, majembe manne, filimbi yenye kikohozi, na saa ya kupimia mbio ambayo imeanguka mara nyingi kuliko mimi mwenyewe. Ndivyo nilivyostaafu. Walimu vijana wakaniomba niwaandikie yale niliyoyaona katika miaka yangu ya kufundisha riadha, tangu kabla ya vita vya Hitla hadi leo ambapo kila mtu anazungumza habari za Uhuru. Nilianza na mambo ya vyeo na uhamisho, nikaona nasinzia mwenyewe, seuze msomaji. Nikazichana karatasi zile. Nitawaeleza habari za kijiti cha kupokezana, na jinsi nilivyokaribia kumkosesha mtoto mmoja shule yake.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba alikuwa fundi cherehani Arusha, katika mitaa ya zamani, na Kiswahili ndiyo lugha niliyolelewa nayo. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule moja ya kufikia darasa la nne tu, huko juu ya Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Ni maili chache tu kutoka kwetu, lakini mama alinifungia chakula cha siku tatu kana kwamba nakwenda Maka. Nilifika na viatu vya mjini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ile njia nyekundu ya katikati ya migomba ikanivua kimoja. Watoto wakakichomoa kwenye tope, wakakiosha mferejini, wakaniletea wakiwa wameinamisha vichwa. Nikadhani wananificha vicheko. Kumbe walikuwa wananiamkia, wanangoja niwaguse utosini. Nilisimama pale na kiatu changu mkononi nisijue la kufanya, na nadhani walingoja muda mrefu sana.

Mwalimu Mkuu aliitwa Mwalimu Eliakimu, Mmeru wa palepale, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyepoteza maneno. Siku hiyohiyo aliniuliza, "Unajua kukimbia?"

"Najua kupima, Mwalimu," nikamjibu, maana chuoni nilifundishwa kutumia saa.

"Basi wewe ndiye mwalimu wa riadha."

Uwanja wetu ulikuwa na mteremko. Aliyekimbia kuelekea kanisani alimshinda siku zote aliyekimbia kutoka kanisani, hata kama ni mtu yuleyule. Chokaa hatukuwa nayo, tukachora mistari kwa majivu ya jikoni, na kila mvua iliponyesha tukaanza upya. Mchanga wa shimo la kurukia ulikuwa mbali, tukajaza maganda ya kahawa. Yalikuwa laini na mazuri kwa wiki mbili, kisha yakachacha, na kuanzia hapo mrukaji bora akawa yule mwenye mafua. Nawaambieni haya ili msije mkasema hamna vifaa.

Kabla yangu shule ile ilikuwa na mkimbiaji mmoja, Lazaro. Riadha yote ilikuwa Lazaro. Wenzake kazi yao ilikuwa kumshikia shati. Jambo hilo halikunipendeza. Nikaweka utaratibu kwamba kwenye daftari langu naandika muda wa mtoto anayefika mwisho tu. Siku za mwanzo Lazaro alifika, akaketi kwenye nyasi, akawa anatafuna jani. Baada ya wiki nikamwona anarudi nyuma kumkimbiza yule wa mwisho, anamfokea kwa Kimeru. Sikuelewa alichosema, ila muda ulipungua.

Kwenye sikukuu ya Mfalme, Boma la Arusha lilikuwa likiandaa michezo ya shule, nami nikachagua mbio za kupokezana kijiti, watu wanne. Wa kwanza Lazaro. Wa pili Elia, mtoto mkimya asiyechoka. Wawili waliobaki walikuwa ndugu wa tumbo moja. Zefania, mkubwa, alianza shule amechelewa kwa sababu ya kuchunga, na sasa alikuwa darasa la nne na ndevu zake. Mbio hakuwa nazo. Nilimchukua kwa sababu hakukosa mazoezi hata siku moja, na popote aliposimama wenzake walikusanyika. Mdogo wake, Anaeli, alikuwa mwembamba, mwepesi, na kichwa chake kilikuwa bora kuliko vyote darasani. Mtihani wa kwenda shule ya kati ulikuwa karibu. Shule yetu ilikuwa haijapeleka mtoto hata mmoja huko, na Mwalimu Eliakimu alikuwa akimtazama Anaeli kama mkulima anavyoitazama mvua ya kwanza.

Basi tukaanza. Nilikata mpini wa ufagio, nikawaeleza: anayepokea anatazama mbele, ananyoosha mkono nyuma, anawekewa kijiti, anaondoka. Wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Elia akaja mbio na kijiti, na Zefania, ambaye ndiye wa kupokea, akanyoosha mkono nyuma bila taabu. Kisha Zefania akamfikia Anaeli. Anaeli akasimama, akageuka, akainama kidogo, akapokea kwa mikono miwili, ndipo akageuka tena na kuanza kukimbia. Niliwarudisha. Akafanya vilevile. Nikapiga filimbi, nikaeleza, nikaonyesha kwa mwili wangu. Vilevile. Nilipima: pale tulikuwa tunapoteza muda wa mtu kusema shikamoo na kujibiwa.

Sasa hapa ndipo kosa langu. Kuuliza si ujinga, nami sikuuliza. Niliona kama ni uzito wa miguu tu. Wiki mbili nzima nikamsimamisha Anaeli, nikamshika mabega asigeuke. Kijiti kikianguka, tunarudia. Siku moja ikawezekana. Alipokea kutoka kwa kaka yake bila kugeuka, akaruka kama swala. Nikapiga makofi. Nilipoinua macho nikamwona mzee mmoja amesimama ukingoni mwa uwanja, koti begani, anatazama. Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Asubuhi yake madawati mawili yalikuwa matupu.

"Yule mzee wa jana ni Baba Zefania," Mwalimu Eliakimu akaniambia. "Amewatoa wanawe wote wawili. Amesema shule inawafundisha kupokonya."

"Kupokonya nini, Mwalimu?"

"Mtoto anampa mgongo kaka yake aliyetahiriwa, anachukua kitu mkononi mwake bila kumtazama usoni. Wewe kwenu mjini mnaitaje hiyo?"

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema, naye akasema, "Ulikuwa hujaniuliza. Ukaonekana unajua." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki sita zilibaki kabla ya mtihani, na mtoto yule alikuwa kahawani kwa sababu ya mpini wangu wa ufagio.

Mwalimu Eliakimu hakukubali kwenda. Alisema aliyeharibu ndiye anayejua alipoharibu. Ila alinikatia jani la isale, ule mmea wanaoupanda mipakani, akaniambia nilishike mbele yangu kwa mkono wa kulia nikiingia uani. Huko mlimani ukimpelekea mtu jani lile umemwomba radhi, na si rahisi akufukuze.

Nilimkuta shambani anapogoa mibuni. Anaeli alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Aliliona jani, akalipokea, akalichomeka kwenye mkanda wake. Hakusema amenisamehe. Akarudi kwenye mbuni wake. "Sema. Masikio hayapogoi."

Nikasema niliyoyasema, kwamba sikujua, kwamba sikukusudia, kwamba Anaeli akikosa mtihani huu umri wake hautangoja. Alikuwa akikata huku ananisikiliza. Mara akanyoosha mkono wake wa kulia nyuma, kiganja juu, bila kugeuka. Anaeli akamwekea msumeno mdogo. Mzee akakata tawi nene. Akanyoosha tena mkono nyuma na msumeno, ukachukuliwa, akawekewa kisu, mpini ukiwa umelala sawasawa kiganjani. Hakuita kitu kwa jina. Hakutazama nyuma hata mara moja. Akapiga hatua kwenda mbuni mwingine, na mtoto naye akapiga hatua, na vile vyuma vikaendelea kwenda na kurudi baina yao bila kugongana.

Nilisahau kuomba radhi. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta saa.

"Mzee," nikasema, "nikuulize. Mbona wewe hugeuki?"

Akashangaa. "Nigeuke kwa nini? Huyu ni mtoto wangu. Mdogo akimpa mkubwa, mkubwa ana kazi yake mbele. Mkubwa akimpa mdogo, mdogo ageuke, apokee vizuri, ashukuru. Hata mbuzi wetu wanajua."

"Na Zefania akipokea kutoka kwa Anaeli, bila kugeuka?"

"Hapo kuna kosa gani?"

Niliketi kwenye majani. Kumbe wiki zote zile dawa ilikuwa palepale, Zefania alikuwa akipokea vizuri mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa namtazama yule anayekosea tu. Chuoni tulifundishwa kwamba mkimbiaji mzito asiwekwe mwisho, nami nilikuwa nimelishika neno hilo kama msahafu. Nikamweleza mzee: aanze mdogo, amalize mkubwa. Hakuna atakayempa mgongo mkubwa wake. Alifikiri. Mama Zefania akaniletea loshoro, ule mseto wao wa mahindi na ndizi, kwenye bakuli na maziwa ya kibuyu, nikala nikiwa nangoja hukumu.

"Wataanza kurudi kesho," mzee akasema mwishowe. "Siku ya michezo nitashuka mjini nione mwenyewe. Nikiona mtoto wangu ametia aibu mbele ya watu wa Boma, mwalimu, wote wawili watarudi hapa kwenye kahawa, na jani lingine usilete."

Nilishuka kwenda shule nikiwa nimefurahi na kuogopa kwa pamoja.

Kesho yake nilifungua rejista niwapange kwa umri. Rejista ilisema Lazaro ni mkubwa kuliko Elia. Wavulana wakacheka mpaka wakashika matumbo. Miaka ile umri wa mtoto uliandikwa kwa kumtazama urefu. Nikawaambia, jipangeni wenyewe. Wakajipanga mara moja bila ubishi: Anaeli, Lazaro, Elia, Zefania. Tangu siku hiyo sijaamini rejista, na nawashauri nanyi muwe na wasiwasi nayo.

Lazaro akabaki nyuma wenzake walipoondoka. "Mwalimu, nikikimbia wa pili, nani atajua kama mimi ndiye mwenye mbio?"

"Zefania atajua," nikamwambia.

Akaenda anapiga mawe kwa kidole cha mguu. Siku mbili hakuja mazoezini. Siku ya tatu alikuja, akamwambia Zefania mbele yangu, kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Nitakuletea nafasi kubwa, kaka. Wewe usiipoteze tu." Nilitaka kumkumbatia, ila siku hizo mwalimu hakumbatii mtu.

Mazoezi yalibadilika. Niliwapeleka wote wanne kahawani kwa Baba Zefania, wakapogoa Jumamosi mbili, wanabadilishana visu kwa zamu. Nilisimama pembeni na saa, najifanya natazama ndege. Zefania mbio hazikuongezeka hata kidogo, lakini mkono wake ulikuwa umetulia kama rafu ya ukutani. Ukiweka kitu pale, hakianguki.

Siku ya sikukuu tulishuka kwa miguu tangu alfajiri. Bendera zimetundikwa, askari wamepiga pasi hata soksi, na Bwana Elimu, yule Mwingereza mkaguzi wa shule, amesimama na saa mbili kwa sababu hakuiamini moja. Baba Zefania alikuwa amefika kabla yetu. Alisimama peke yake karibu na mstari wa mwisho, koti begani. Aliniitikia salamu, akarudisha macho uwanjani.

Mwalimu Hamisi, tuliyesoma naye chuoni, alikuwa na timu ya mjini. Alipomwona Zefania anakwenda kusimama nafasi ya mwisho, akaja kunishika bega. "Ndugu yangu, umemweka baba yao amalizie?"

"Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni," nikamjibu.

Bunduki ikalia. Anaeli alikimbia vizuri, wa tatu kati ya watano, akamfikia Lazaro. Mkono wa Lazaro ulikuwa nyuma, kiganja juu, macho mbele. Kijiti kikalala. Shule mbili pale ziligongana, moja ikaangusha. Lazaro akaondoka na nafasi zote zile, akampa Elia tukiwa mbele hatua kumi. Elia akazitunza kama alivyotunza kila kitu. Kisha akamfikia Zefania, na kijana yule mwenye ndevu hakugeuka, hakuharakisha, alinyoosha mkono kama baba yake kwenye mbuni. Nikamtazama mzee, nisiutazame uwanja. Alikuwa akiufuata mkono ule kwa macho.

Zefania akakimbia. Lo, alikimbia mtu yule, na bado alikuwa mzito. Mkimbiaji wa Hamisi alikuwa mtoto wa mbio hasa, akaanza kuzila zile hatua moja moja. Ndipo nikamwona Lazaro, aliyekwisha kumaliza kazi yake, anakata katikati ya uwanja kinyume cha sheria zote, anapiga kelele, "Kaka! Kaka! Kaka!" Elia nyuma yake, Anaeli nyuma ya Elia, wote wanakimbia sambamba na Zefania upande wa ndani, wanafoka kwa Kimeru. Walifika mstarini karibu pamoja, watu wanne na kijiti kimoja. Mtoto wa mjini alikuwa amewatangulia kwa kifua.

Tukawa wa pili. Bwana Elimu akaja akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, kupokea hii nzuri sana. Wewe soma kitabu gani?"

"Sikusoma, Bwana. Nimeona kwenye kahawa."

Akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Sikujua aliandika nini, na nilikuwa na shughuli nyingine, maana Baba Zefania alikuwa anakuja.

Wavulana wakamwinamia, akawagusa vichwa mmoja mmoja, Lazaro naye. Kisha akakichukua kile kipande cha ufagio mkononi mwa Zefania, akakigeuza, akakirudisha. "Hiki ni cha kufagilia," akasema. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kijiti kingine, cha mti wa mbuni, kimeondolewa ganda, kimelainishwa, ncha zote mbili zimeviringwa. Nikainama nikanyoosha mikono miwili kupokea, kama inavyompasa mtu mdogo mbele ya mkubwa.

"Hapana," akasema. "Geuka."

"Mzee?"

"Geuka, mwalimu. Tazama mbele. Unao watoto wangu."

Nikageuka. Mbele yangu palikuwa na uwanja mzima, watu, bendera, na mimi nimenyoosha mkono nyuma, kiganja juu, mtu mzima na tai shingoni. Akakiweka. Nilikaa vile kidogo kabla ya kugeuka, kwa sababu nilikuwa nalia.

Nilipokitazama vizuri njiani wakati wa kurudi nikaona jambo. Kijiti kilikuwa kikavu kabisa. Mti wa mbuni haukauki kwa siku mbili tatu. Alikichonga siku ile nilipompelekea jani, au kesho yake, wakati mimi nilikuwa silali kwa hofu. Nilitamani kumwuliza. Hiyo ndiyo safari pekee niliyoona bora ninyamaze.

Anaeli alifanya mtihani, akafaulu, akaenda shule ya kati. Mimi nikahamishwa, kama ilivyo desturi ya walimu kuhamishwa. Lemara nilikuta wasichana wanaokimbia vizuri mpaka mjomba mmoja apite barabarani, wasimame kumwamkia, nikageuza uwanja waipe barabara kisogo. Terrat watoto hawakuchoka kabisa, ila walikataa kuzunguka duara. "Mwalimu, kwa nini tukimbie kurudi pale tulipotoka?" Nikatundika gunia kwenye mgunga wa mbali, wakaliendea kwa furaha. Kila nilikokwenda nilianza kwa kuuliza, wiki ya kwanza bila filimbi. Kijiti cha mbuni kilikuwa nami pote.

Mwaka wangu wa mwisho nilirudishwa Akheri. Mwezi uliopita, nilipokuwa nakabidhi stoo, mwalimu wa riadha anayenirithi alitia sahihi kila kitu, kamba, majembe, filimbi. Ni Anaeli. Ana mvi mbili tatu sasa, nami nilimtania kuhusu hizo. Kisha nikatoa kijiti.

"Geuka," nikamwambia.

"Mwalimu, siwezi."

"Baba yako aliniambia mimi nigeuke. Geuka."

Akanitazama usoni, akainama, akanyoosha mikono yote miwili, akapokea polepole kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kwa upokeaji ule tungekuwa wa mwisho Arusha nzima. Saa nilikuwa nimeshairudisha, sikupima.